Ukiwa na lupasi: jinsi ya kuilinda mishipa ya damu ya retina

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya macho. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuweka matone ya kupanua mboni na kupiga picha za retina. Wagonjwa wa lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, wanapoketi mbele ya mashine yangu karibu wote huanza na maneno yaleyale: "Sista, nimetumwa nipimwe macho kwa sababu ya dawa." Dawa wanayoisema ni haidroksiklorokwini, inayotuliza lupasi, na ni kweli kwamba anayeimeza anahitaji kufuatiliwa macho. Lakini lupasi yenyewe, hata kabla hujameza kidonge chochote, inaweza kuziba na kuvujisha mishipa midogo ya damu iliyo nyuma ya jicho. Kipimo cha dawa si kipimo cha mishipa. Unaweza kupimwa kwa ajili ya dawa kila mwaka bila kukosa, ukaambiwa uko salama, na mishipa yako ikawa haijatazamwa vizuri na mtu yeyote. Nimeandika mwongozo huu ili uweze kuliziba pengo hilo wewe mwenyewe.

Jua kwanza kinachoharibika

Retina ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, ndio unaopokea mwanga. Tabaka zake za ndani hulishwa na ateri moja kuu inayoingia pamoja na neva ya jicho, kisha inagawanyika matawi. Damu hutoka kwa vena kuu moja. Tawi likiziba, jirani yake hana uwezo wa kulisha eneo lililokatiwa damu, na ndiyo maana hasara hapa huja haraka na mara nyingi hairudishiki.

Kwa mwenye lupasi, mishipa hiyo huumia kwa njia tatu, nazo huweza kukutana ndani ya mtu mmoja. Ya kwanza ni uvimbe. Kingamwili hushikana na chembe za mwili wenyewe, mchanganyiko huo unanasa kwenye kuta za mishipa midogo, kuta zinavimba na kuvuja. Kwenye picha naona madoa meupe yenye kingo zilizofifia, yanayoitwa madoa ya pamba, na pembeni yake vidoa vya damu. Doa jeupe ni nyuzi za neva zilizovimba kwa sababu kimshipa kinachozilisha kimeziba. Mara nyingi madoa hayo hufifia baada ya wiki kadhaa, na kama yapo mbali na katikati ya retina mgonjwa hahisi lolote.

Njia ya pili ni damu kuganda. Baadhi ya wenye lupasi wana kingamwili zinazoitwa antifosfolipidi, ambazo huifanya damu igande pasipo sababu. Hapa mshipa mkubwa zaidi unaweza kufungwa kabisa, na huu ndio upande wa ugonjwa ninaouogopa. Njia ya tatu ni presha ya juu, ambayo kwa mwenye lupasi mara nyingi huanzia kwenye figo zilizoshambuliwa.

Tafiti hutofautiana sana kuhusu ni wangapi kati ya wenye lupasi huumia mishipa hii ya retina: kuanzia takribani asilimia 3 kwa watu ambao lupasi yao imetulia hadi karibu asilimia 29 kwa wale ambao ugonjwa umechachamaa. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwako. Retina hufuata hali ya lupasi mwilini. Ndiyo sehemu ya mwili ambapo daktari anaweza kuiona mishipa midogo ya damu kwa macho yake bila kupasua popote, na anachokiona humo kinaweza kuwa habari za figo na ubongo pia.

Nenda kliniki na karatasi sahihi

Daktari wa macho hakujui kama anavyokujua yule anayekutibu lupasi. Usimwachie abahatishe. Beba matokeo ya vipimo vya antifosfolipidi. Viko vitatu: kimoja huitwa lupasi antikoagulanti, cha pili antikadiolipini, cha tatu anti-beta-2 glikoproteini. Jina la hicho cha kwanza lisikupotoshe ukadhani kinazuia damu isigande. Mwilini hufanya kinyume. Kama kimoja kilionekana chanya, kipimo hurudiwa baada ya wiki 12 au zaidi ndipo kithibitike, kwa hiyo angalia kama wewe ulirudiwa. Wengi hawakurudiwa, na hawajui. Kama hujawahi kupimwa kabisa, hilo ni swali la kumuuliza daktari wako wa lupasi hata kabla ya kwenda kwenye macho.

Ongeza matokeo ya karibuni ya protini kwenye mkojo na ya C3 na C4, protini za kinga zinazopimwa kwenye damu. Hizi mbili hushuka kwa wagonjwa wengi lupasi inapowaka. Andika pia vipimo vya presha vya siku za karibuni, orodha ya dawa zote pamoja na miligramu zake, na uzito wako. Kama una kisukari kiseme, maana nacho huacha madoa yanayofanana na haya kwenye retina.

Sema unachotaka kitazamwe

Hapa ndipo ninapowasisitizia wagonjwa wangu kuliko pengine popote. Unapofika, na tena ukiwa mbele ya daktari, sema hivi: "Nina lupasi. Pamoja na kipimo cha dawa, naomba mboni ipanuliwe, mishipa ya damu ya retina itazamwe mpaka pembezoni, na picha zihifadhiwe." Ni sentensi fupi na haimvunjii mtu heshima. Kipimo cha dawa hutumia mashine ya OCT, inayopiga tabaka za retina kwa mwanga, na kipimo cha upeo wa kuona, ambapo unabonyeza kitufe kila uonapo nukta ya mwanga. Vyote viwili kwa kawaida huangalia zaidi eneo la katikati, kwa kuwa huko ndiko madhara ya dawa hujitokeza mara nyingi. Mishipa ya pembezoni inaweza kuwa imeziba na mashine hizo zisiseme neno.

Matone ya kupanua mboni huwasha kidogo, kisha unasubiri kama dakika 20 hadi 30. Baada ya hapo mwanga utakuumiza na maandishi ya karibu yatafifia kwa saa kadhaa. Usiendeshe gari. Njoo na mtu, na miwani ya jua. Kwa mwenye lupasi kujikinga na jua ni wajibu hata siku nyingine. Kama presha yako iko juu siku hiyo, mwambie anayekuwekea matone, kwa sababu mojawapo ya dawa zinazotumika, fenilefrini, inaweza kuipandisha, nasi tunaweza kutumia nyingine.

Daktari akishuku kuwa kuna mishipa iliyoziba au inayovuja, ataomba picha kwa rangi. Rangi ya manjano iitwayo fluoresini hudungwa kwenye mshipa wa mkono, inafika kwenye jicho ndani ya sekunde chache, na mimi napiga picha mfululizo. Mahali palipoziba hubaki peusi, mahali panapovuja hung'aa. Wagonjwa huniuliza kama wanafanyiwa majaribio. Hapana: njia hii ilichapishwa mwaka 1961 na Harold Novotny na David Alvis, wakati huo wakiwa wanafunzi wa udaktari Marekani, na imetumika tangu hapo. Ngozi yako itakuwa ya manjano kwa saa chache na mkojo utabadilika rangi kwa siku moja hivi. Baadhi ya watu huhisi kichefuchefu kinachopita upesi. Mzio mkali ni nadra lakini upo, kwa hiyo taja mzio wowote uliowahi kupata, na kama una mimba au unadhani unayo useme kabla ya sindano. Kuna pia mashine za OCT zinazochora mishipa bila rangi yoyote. Hizo ni nzuri kwa kurudia mara kwa mara, ila hazionyeshi uvujaji, na nyingi hazifiki mbali pembezoni.

Baada ya kupimwa omba nakala ya picha, si ripoti peke yake. Doa moja la mwaka huu lina maana tofauti kabisa kama mwaka jana halikuwepo.

Wakati wa kwenda

Nenda mara lupasi inapogunduliwa, ili kuwe na picha ya kuanzia. Kwa upande wa dawa, mwongozo wa wataalamu wa macho wa Marekani wa mwaka 2016 unasema upimwe mwanzoni, ndani ya mwaka wa kwanza wa kumeza haidroksiklorokwini, kisha kila mwaka baada ya miaka 5, au mapema zaidi kama figo zako zina tatizo, au unatumia tamoksifeni (dawa ya saratani ya matiti), au tayari una ugonjwa katikati ya retina. Hiyo ni ratiba ya dawa. Ratiba ya mishipa huamuliwa na lupasi yako: unapimwa ugonjwa unapowaka upya, figo au ubongo unapoguswa, antifosfolipidi zinapoonekana, presha inapogoma kushuka. Na siku yoyote unapoona tofauti, bila kungoja miadi.

Jipime nyumbani, jicho moja moja

Macho mawili husaidiana kiasi kwamba moja linaweza kupoteza robo ya upeo wake na mwenyewe usitambue. Kwa hiyo ziba jicho moja kwa kiganja bila kuligandamiza, na utazame kwa lile la pili. Chagua siku maalumu ya juma. Kama una miwani ya kusomea, ivae.

Tumia jedwali la Amsler, lenye jina la daktari wa macho wa Uswisi Marc Amsler: mraba wa sentimita 10 kila upande, umegawanywa vijisanduku vya milimita 5, na nukta katikati. Unaweza kulichora mwenyewe kwa rula. Liweke sentimita 30 kutoka usoni, kaza macho kwenye nukta, kisha ujiulize: mistari yote imenyooka? Kuna kisanduku kilichopotea au kufifia? Mistari iliyopinda yaweza kumaanisha maji yamejaa chini ya retina au katikati yake.

Jedwali hilo hupima katikati tu, kwa hiyo ongeza kipimo cha pili. Keti ukitazamana na mtu wa nyumbani, umbali wa hatua moja hivi. Wewe ziba jicho la kushoto, yeye azibe la kulia, na utazame pua yake bila kuhamisha jicho. Yeye aonyeshe kidole kimoja au viwili juu kulia, juu kushoto, chini kulia, chini kushoto, nawe useme idadi. Tawi la ateri au vena likiziba, mara nyingi upande mzima, wa juu au wa chini, ndio unaofifia. Kipimo hiki hutambua upotevu mkubwa. Hakichukui nafasi ya uchunguzi wa kliniki, kwa sababu madoa ya mwanzo hayaonekani kwa njia yoyote ya nyumbani.

Usingojee maumivu

Retina haina neva za maumivu. Nalirudia jambo hili kila siku kwa sababu ya wagonjwa ninaowapokea wakiwa wamechelewa. Namkumbuka dada mmoja aliyeamka akiwa haoni kwa jicho moja, akakaa nyumbani mpaka juma lilipoanza upya. "Halikuniuma, sista," aliniambia, "nikadhani ni uchovu wa lupasi ule ule." Nilipopiga picha, retina ilikuwa imepauka kote na doa jekundu limebaki katikati, alama ya ateri kuu iliyoziba. Sikuwa na la kumwambia ambalo lingerudisha siku zile. Hakuwa mzembe. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba jicho linaweza kufa bila kuuma.

Ateri ya retina ikiziba, hicho ni kiharusi kilichotokea ndani ya jicho, na retina huanza kufa ndani ya saa chache. Ukipoteza uwezo wa kuona ghafla kwa jicho moja, wote au sehemu, bila maumivu: tazama saa na ukumbuke muda ulioanza, chukua dawa zako au orodha yake, na upelekwe mara moja hospitali yenye dharura inayotibu kiharusi. Useme: "Nimeacha kuona ghafla saa fulani, nina lupasi, huenda mshipa wa retina umeziba." Usijiongezee aspirini wala dawa ya kuzuia damu kuganda njiani, kwa sababu watakaokupokea lazima wajue una nini mwilini kabla ya kuamua. Hata matibabu yasipolirudisha jicho, kuna kazi kubwa ya kufanya, kwa kuwa donge lililofunga mshipa wa jicho linaweza kufuatiwa na jingine la ubongo au moyo.

Uwezo wa kuona ukipotea kwa dakika chache kisha ukarudi, nenda siku hiyo hiyo vilevile. Usishangilie kwamba umepona. Hilo ni onyo.

Nenda siku hiyo hiyo pia ukiona pazia jeusi likishuka au kupanda upande mmoja, mvua ya vidoa vyeusi vinavyoelea, au mimweko ya mwanga. Mishipa ikiziba kwa muda mrefu, retina yenye njaa huotesha mishipa mipya, dhaifu, ambayo hupasuka kirahisi na kujaza damu ndani ya jicho, au huivuta retina mpaka ibanduke. Maumivu ya kichwa pamoja na kuona ukungu na presha kufika karibu 180 kwa 120 nayo ni dharura, ya mwili mzima.

Wakikuta kitu

Swali la kwanza umuulize daktari wa macho: "Haya yametokana na uvimbe, damu kuganda, presha, au dawa?" Tiba zake hazifanani. Uvimbe hutulizwa kwa kuituliza lupasi yenyewe: steroidi, wakati mwingine kwa dripu ya dozi kubwa, na dawa kama mikofenoleti, azathioprini au saiklofosfamidi. Damu kuganda kukithibitika kuwa ni kwa antifosfolipidi, dawa ya msingi huwa ni wafarini, inayozuia damu kuganda, pamoja na vipimo vya INR, yaani vya muda ambao damu huchukua kuganda, ambavyo huwezi kuviruka. Kama vipimo vyako vyote vitatu ni chanya, rivaroksabani, kidonge kingine cha kuzuia damu kuganda, haishauriwi kuchukua nafasi ya wafarini, hata kama inaonekana rahisi kwa kuwa haihitaji INR. Presha hutibiwa kama presha.

Mwale wa leza na sindano za ndani ya jicho hupunguza mishipa mipya na maji kwenye retina. Vinaokoa macho, nimeviona. Havitibu lupasi. Kwa hiyo usiondoke bila barua ya kumpelekea daktari wako wa lupasi, na usisubiri ifike kwa njia za ofisi. Ichukue mkononi, au ipige picha umtumie siku hiyo. Madoa mapya ya pamba yanaweza kuwa sababu ya kupima mkojo, presha na C3 upya hata kama ngozi na viungo vimetulia, naye hawezi kuyajua asipoambiwa.

Uliza lini utarudi. Madoa machache yanaweza kusubiri wiki kadhaa. Mishipa iliyoziba hufuatiliwa kwa karibu zaidi.

Kuhusu haidroksiklorokwini: usiiache kwa sababu umeambiwa retina ina madoa. Madoa ya pamba na damu si kazi yake. Madhara yake ni ya aina nyingine, hula seli zilizo karibu na katikati polepole, kwa miaka. Dawa hii hupunguza kuwaka kwa lupasi, na ukiiacha bila ushauri unaweza kuwa unaichochea hiyo mishipa unayoiogopa. Kinachotakiwa ni dozi isiyozidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wako halisi kwa siku. Mwenye kilo 60 hapaswi kuzidisha wastani wa miligramu 300, na kwa vidonge vya miligramu 200 daktari anaweza kupanga kimoja leo, viwili kesho. Umepungua uzito? Omba dozi ihesabiwe upya. Steroidi nazo usizikatize ghafla. Ila fahamu kwamba kwa muda mrefu huleta mtoto wa jicho na kupandisha presha ya ndani ya jicho, kwa hiyo presha hiyo ipimwe kila unapokuja.

Yaliyo mikononi mwako

Pima presha ukiwa umekaa kimya dakika 5, miguu chini, mkono usawa wa moyo, na uandike. Uliza kiwango chako ni kipi. Kwa wengi wenye lupasi ya figo madaktari hulenga chini ya 130 kwa 80. Kama unavuta sigara, acha, na uombe msaada wa kuacha. Moshi huumiza mishipa ileile. Kama una antifosfolipidi, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vinaongeza hatari ya damu kuganda. Zipo njia zisizo na estrojeni, na mwanamke yeyote mwenye lupasi ana haki ya kuelezwa kabla ya kuandikiwa.

Ukitaka kupata mimba, lizungumze mapema, kabla hujaiacha njia ya uzazi wa mpango. Wafarini na mikofenoleti humdhuru mtoto tumboni na hubadilishwa kabla, haidroksiklorokwini kwa kawaida huendelea. Na presha ikipanda wakati wa ujauzito, ukaanza kuona ukungu au vimulimuli, nenda kwanza hospitali ya wazazi. Sisi wa macho tutakufuata huko huko.